Bua la mpunga

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimechelewa kutuma tafakari ya wiki hii, mnisamehe. Jumamosi nilipanda treni kutoka hapa Okayama, Japani, hadi Imbe, kama dakika 40 tu, na tangu nirudi kuna kikombe kimoja kiko mezani kwangu nakigeuza geuza, nikaona basi, hiki ndo nitakachowaandikia.

Imbe iko ndani ya mji wa Bizen. Ukishuka stesheni unaanza kuona mabomba ya matofali yamechomoza juu ya mapaa ya nyumba, kila bomba ni tanuri la mfinyanzi, na huku wamechoma udongo kwa zaidi ya miaka 800. Kikombe chenyewe ni cha sake, ile pombe yao ya mchele, wenyewe wanakiita guinomi. Mi nakinywea maji alfajiri nikiamka kuomba. Kinajaa kiganjani kama yai kubwa, hakijapakwa rangi wala kitu chochote cha kuking'arisha, ni udongo mtupu uliopita motoni, ukiupitisha mdomo unasikia ukavu wake kidogo, na ukiingiza kidole ndani unakutana na vijifereji vya vidole vya mtu aliyekifinyanga, yani kidole chako kinaingia palepale kidole chake kilipopita. Rangi yake ni kama ganda la mkate. Halafu ubavuni kuna mistari miwili myekundu, inakatana chini ya ukingo kisha inazunguka nyuma na kupotea.

Mi nilidhani imechorwa kwa brashi. Nikamuuliza mzee wa pale dukani, maana ndiye mwenye tanuri, akaingia nyuma akarudi na fungu la mabua ya mpunga, makavu, yale ambayo kwetu tungemtupia ng'ombe. Akachukua kikombe kibichi akakizungushia bua moja, polepole, akalipitisha chini akalirudisha juu. Akasema hivo tu, ndivyo kinavyoingia motoni.

Ikabidi anieleze vizuri. Zamani wafinyanzi walikuwa wanapanga vyombo tanurini kimoja ndani ya kingine ili moto usipotee bure, na vikigusana vilikuwa vinaweza kushikana visiachane tena, sasa wakawa wanaweka mabua katikati. Ndo kazi yake, kuzuia tu. Hakuna aliyekuwa anatafuta urembo. Wakifungua tanuri wanakuta bua halipo, limeungua lote, ila kila mahali lilipogusa pana mstari mwekundu kama moto, kwa sababu kuna chumvichumvi fulani ndani ya bua (potasiamu) inayokutana na chuma kilichomo kwenye udongo wa Bizen. Haufutiki, maana uko kwenye udongo wenyewe. Wanauita hidasuki. Na huu udongo, wapendwa, wanauchimba chini ya mashamba ya mpunga! Kwa hiyo udongo na bua vyote watoto wa shamba, kimoja kilikuwa chini kingine juu, wakaja kukutana motoni.

Na moto wenyewe si wa mchezo. Udongo huu hautaki kustushwa, ukiuharakisha unapasuka, kwa hiyo wanachochea kuni za msonobari mwekundu polepole siku 10 hadi wiki mbili, usiku na mchana, watu wanapokezana kulala, mpaka zaidi ya digrii 1,200. Halafu wanaziba na kusubiri siku nyingi tanuri lipoe ndo wafungue.

Wengi wetu tukisikia mfinyanzi tunakimbilia Yeremia 18, na ni sawa kabisa. Ila mi kwenye treni ya kurudi sikuwa nawaza mfinyanzi, nilikuwa nawaza lile bua, na neno lililonijia ni 2 Timotheo 1:5. Paulo yuko kwenye minyororo, anajua mwisho wake umekaribia, anamwandikia Timotheo, na kabla hajamwambia habari ya kazi wala ya mateso anamkumbusha imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Huyu Loisi ametajwa hapo tu. Hatujui alihubiri wapi, hatuambiwi muujiza wowote, pengine wakati Timotheo anasoma ule mstari bibi alishaondoka zamani. Lakini Paulo akimtazama kijana anamwona bibi. Sura ya tatu anasema tena tangu utoto umeyajua Maandiko, sasa mtoto wa Listra, baba yake Myunani, nani aliyekuwa anamkalisha chini amsomee?

Nikajiangalia na mimi. Kuna baridi nimepita huku, kuna miezi sikuwa na mtu wa kuomba naye kwa lugha yangu, na nilipokuwa nashindwa kuomba kabisa kilichokuwa kinatoka mdomoni ni Zaburi ya 23, yote, bila kukosea, na sikumbuki nilikaa lini kuikariri. Baadaye ndo nikakumbuka. Kulikuwa na mama mmoja alitufundisha Jumapili asubuhi chini ya mwembe nje ya kanisa, anakuja na ndoo yake ya vitumbua, mtoto akisema mstari mmoja bila kukwama anapewa nusu, akimaliza Zaburi nzima anapewa kizima. Alifariki nikiwa darasa la sita.

Ijumaa tukikutana kwenye maombi, naomba kila mmoja aje na mtu wake mmoja wa namna hiyo, tumshukuru Mungu kwa ajili yao tukiwataja. Mi naanza na huyu. Jina lake la ubatizo sikuwahi kulijua, sisi watoto tulimwita Mama Vitumbua.