Dizaini ninayo, Fizikia niliitupa kidato cha pili

Ile braketi ilikuwa nzuri, hilo sitakubali kunyang'anywa. Niliichora wiki nzima kwenye FreeCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, nikaipunguza unene hadi milimita 6 ili ikae nyepesi pale kwenye tezi ya mashua ya ami yangu. Kazi yake moja tu: kushika injini ya hosipawa 15 upepo unapolala, wageni wafike Amu, yaani Lamu, kutoka kisiwa cha Manda Toto kabla ya magharibi. Ilitengenezwa kwa aluminiamu, nami nikaifunga kwa bolti za stenlesi kwa sababu, nikajiambia, stenlesi haishiki kutu. Picha nilipiga kama thelathini.

Kaskazi haikuwa na neno. Kusi ilipoingia, braketi ilipasuka katikati ya mkondo wa Manda na injini ikaanguka majini. Haikuzama, maana ami alikuwa ameifunga kamba.

"Kamba hiyo naliifunga siku ile ile uliyoniletea," akaniambia, wala hakucheka.

Nilipoifungua, kila tundu la bolti lilikuwa limezungukwa na unga mweupe, aluminiamu imeliwa hadi inamegeka kama biskuti. Bolti zenyewe zinang'aa. Baadaye ndipo nikasoma kwamba metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na ile dhaifu ndiyo huliwa. Ningezitenga kwa pete bapa (washa) za plastiki na kipande cha mpira ndani ya tundu, ningepata nafuu kubwa. Na ule unene! Bapa la milimita 12 si gumu kupinda mara mbili ya lile la 6 likielemewa. Ni gumu kupinda mara 8. Miaka minne ya shahada ya dizaini Nairobi nilisoma umbo, rangi na jinsi mkono wa mtu unavyoshika kitu. Hesabu hiyo hakuna aliyenionyesha, au alinionyesha siku ambayo sikwenda darasani.

Tangu siku ile natafuta mlango wa kuingilia uhandisi, na kwa kuwa wengi wameniuliza, nitasema nilichokiona.

Jibu la barazani ni moja: "Rudi chuo." Shahada ya uhandisi Kenya ni miaka 5, na wanataka Fizikia kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Mimi Fizikia niliiacha kidato cha pili nikachukua Sanaa, na mama alifurahi kwa sababu nilikuwa nikiwachorea majirani kadi za harusi bure. Tena jina la mhandisi si la kujipachika. Sheria ya Wahandisi ya 2011 inataka uandikishwe na Bodi ya Wahandisi, kwanza kama mhitimu, kisha ufanye kazi si chini ya miaka 3 kabla ya kuwa mhandisi kamili. Nina miaka 29. Jumlisha mwenyewe.

Kuna kozi ya London inayoendeshwa na Royal College of Art pamoja na Imperial College, inayowaweka watu wa dizaini na wahandisi meza moja. Nilifungua ukurasa wa ada, nikaufunga. Na hata ningerudi nayo, Bodi hapa ingeniuliza shahada ya uhandisi iko wapi.

Kuchora kwenye ofisi ya wahandisi nako nimepita, miezi sita, kwa mkandarasi mmoja. Mshahara ulikuwa wa kuridhisha. Ila unachora hesabu ya mtu mwingine asubuhi hadi jioni, na siku ukiona stendi ya tangi imekonda miguu, hakuna anayekuuliza.

Mlango ambao watu wa digrii huupita bila kuutazama ni ule wa mafundi. Sheria ya 2016 iliunda bodi nyingine, KETRB, ya kuandikisha wanateknolojia wa uhandisi, mafundi sanifu na mafundi wa mikono. Diploma ya mitambo inakufikisha huko. Na kabla ya hapo kuna mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu hadi ya kwanza, ambapo unapewa chuma na unachomelea mbele ya mtu. Rafiki yangu wa chuo aliposikia nataka kufanya gredi ya tatu alidhani nimefukuzwa kazi.

Lakini mimi ni mtu wa Amu. Nimekaa Matondoni, kijiji cha waunda mashua, nikimwangalia fundi akipanga mataruma, zile mbavu za chombo, kwenye mkuku, ule uti wake wa chini, bila karatasi yoyote, anafumba jicho moja, anasema lile litolewe, na kweli lilikuwa limezidi kidole kimoja. Ile dau ya plastiki, FlipFlopi, iliyoshushwa majini hapa 2018 na mwaka uliofuata ikaenda Zanzibar, iliundwa na mafundi kama hao. Karibu na watu wa namna hiyo, kalamu yangu ina faida: fundi anajua, mimi naweza kuchora anachojua ili mwingine akitengeneze.

Kwa hivyo ni gredi ya tatu kwanza, halafu diploma. Usiku nasoma vitabu vya Fizikia vya mpwa wangu, ambaye ananisahihisha kwa kalamu nyekundu bila huruma. Nimefika kwenye sura ya mawimbi, na nimekwama.