Umeme Umerudi, Seva Haijarudi

Mbeya, usiku. Radi zinapiga upande wa Loleza, taa zimezima na kuwaka mara tatu tangu magharibi. Ukiwa huku na seva ziko Iringa, swali ni moja: umeme ukitulia, nani atabonyeza kitufe?

Seva ikiganda tu, kazi ni nyepesi. BMC, kompyuta ndogo iliyo kwenye ubao mama (Dell huiita iDRAC, HPE huiita iLO), hukuwezesha kuizima na kuiwasha seva ukiwa mbali, na huwa macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya una umeme. Huagizwa kwa programu ya ipmitool. Anza kwa upole, ukiiomba seva ijizime yenyewe:

ipmitool -I lanplus -H 10.20.0.5 -U mtunzaji -a chassis power soft

Hiyo -a hukuuliza nywila, isibaki kwenye historia ya amri. Ipe dakika tano, hifadhidata hufunga taratibu. Ikigoma, weka reset mahali pa soft. Reset haikati umeme, kwa hiyo kadi iliyoganda huenda ikabaki vilevile; hapo tumia cycle, inayokata umeme na kuurudisha. BMC yenyewe ikiduwaa lakini bado unaingia kwenye seva, ipmitool mc reset cold huiamsha bila kuigusa seva. Bandari 623, mlango wa mtandao ambao amri hizi hupitia, usiiweke wazi kwenye intaneti hata siku moja, ipite ndani ya VPN.

Shida yenyewe iko kwenye kurudi. BMC ina sera ya nini kifanyike umeme ukirudi, na seva nyingi huachwa kwenye previous, yaani rudi ulivyokuwa. Betri ya UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ikikaribia kuisha, NUT, programu inayoiangalia UPS, huizima seva kwa adabu. Basi hali ya mwisho ni "imezimwa", na umeme ukirudi inabaki hivyo. Weka sera ya kuwaka kila umeme ukirudi, kwa ipmitool ileile:

chassis policy always-on

Hata hiyo haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Umeme unaweza kurudi seva ikiwa katikati ya kujizima, kabla UPS haijakata. Seva inamaliza kuzima, waya haujawahi kukosa umeme, always-on haina cha kuishtua. Dawa ni kuiagiza UPS ikate kwa lazima kisha iwashe tena: hakikisha POWERDOWNFLAG, faili la alama kwamba UPS ikatwe, imewekwa kwenye upsmon.conf (faili la mipangilio ya NUT) na upsdrvctl shutdown, amri inayoiagiza UPS ikate, inaitwa mwisho kabisa wa kuzima. Kwa usbhid-ups, dreva ya NUT kwa UPS za USB, offdelay (kusubiri kabla ya kukata) ni sekunde 20 na ondelay (kusubiri kabla ya kuwasha tena) 30 usipozigusa. UPS moja ikibeba seva tatu, 20 ni chache mno, nyingine zitakatwa zikiwa bado zinaandika diskini. Weka 120 na 180. Ondelay lazima iizidi offdelay.

Kujaribu: mwombe aliyepo ofisini achomoe UPS ukutani, asubiri seva ianze kujizima, kisha airudishe hapohapo. Kuiacha nje mpaka betri ife si jaribio la tatizo hili, maana hapo itawaka tu.