Rangi mbili nilizonyimwa

Jumatatu nilitoka kwa daktari mikono mitupu, mwanangu mgongoni anakohoa mpaka anatapika, na ndani ya basi nikalia. Nimeeleza weee, mwisho naambiwa ni kirusi, mpe panadol ya maji, anywe maji kwa wingi, akizidiwa umrudishe. Mama akapiga simu kutoka Ngamiani, Tanga: "Uingereza yote hiyo, mwanangu, hata rangi mbili hawana?" Rangi mbili ndizo zile kapsuli za antibayotiki, dawa za kuua bakteria. Nikaamini tumenyimwa kwa sababu ya weusi wetu.

Hasira ndiyo iliyonipeleka kutafuta. Kila mwezi NHS, huduma ya afya ya taifa, inaanika hadharani dawa zilizoandikwa na kila kituo cha madaktari wa mtaa hapa England. Majina ya wagonjwa hayamo. Zimo idadi na gharama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wanazichora: unaandika jina la kituo chako, unaona mstari wake na wa nchi nzima. Kwenye antibayotiki wanapima kwa kuzingatia umri na jinsia za waliosajiliwa, ili kituo chenye wazee wengi kisionewe. Chetu kiko chini ya wastani miaka na miaka. Na zile kali zinazopiga bakteria wa aina nyingi, ambazo lengo la taifa ni zisizidi asilimia 10 ya antibayotiki zote, hawajazizidisha. Kumbe yule daktari anatunyima sote, Wazungu na sisi. Moyo ukatulia. Siku ya tano kikohozi kikalegea chenyewe.

Ila nikateremka hadi kwenye dawa za maumivu za jamii ya afyuni, na huko tumeupita wastani. Nikamkumbuka jirani yangu, bibi wa miaka themanini hivi, anameza kodeini, mojawapo ya dawa hizo, tangu nihamie hapa. Juzi nimemkuta amesinzia kwa kusimama, ufunguo uko kwenye kitasa. Hilo sikulinyamazia. Nimewaandikia barua kuuliza wazee kama yeye dawa zao hupitiwa upya lini. Nasubiri jibu.

Mnaojiandaa kuja, sikilizeni. Ada ya afya kwenye viza ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, 776 kwa mtoto, na inadaiwa ya miaka yote kwa mkupuo. Baada ya hapo kumwona daktari ni bure, ila mtu mzima hapa England kwa kawaida analipa pauni 9.90 kwa kila dawa aliyoandikiwa. Mkipiga hesabu kwa bei za Barabara ya 12 kule nyumbani mtachoka. Watoto hawalipii dawa. Jisajilini wiki ya kwanza, msingoje kuugua.

Na kwetu Tanga nani anahesabu? Nimekulia kwenye duka la dawa ambako mkasi unakata vidonge vinne kulingana na hela uliyoshika, vinatiwa kwenye bahasha ya kaki, inaandikwa 1x3, basi. Ukipata nafuu kesho, vinavyobaki ni akiba. Nani anajua mtaa wetu umemeza rangi mbili ngapi mwaka huu?

Jana nilimwomba mama afungue kopo la Kimbo analowekea dawa anisomee. Zilikuwemo kapsuli nane, hazina jina wala tarehe, mbili zimepauka. "Nimemwekea mjukuu, akija likizo," akasema. Tumebishana hadi salio likaisha. Leo asubuhi dada kanijulisha kopo liko kwake.