Programu Huria Baada ya Mwenyewe Kuondoka

Ukifungua Vim, programu huria ya kuhariri maandishi, bila faili, skrini mara nyingi hukuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Kwetu sisi wa Mwanza watoto hao ni majirani, kwani kituo chao cha Kibaale kiko Rakai, magharibi mwa Ziwa Victoria, na ndiko Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeanza kuisambaza programu hiyo mwaka 1991, alikojitolea kama mhandisi wa maji mwaka 1994.

Moolenaar alifariki Agosti 2023. Kwa miaka zaidi ya 30 kauli ya mwisho ilikuwa yake, na hofu ya kumtegemea mtu mmoja ilichangia kuzaliwa kwa Neovim, tawi lililojitenga na Vim, mwaka 2014. Hata hivyo, Januari 2024 toleo la 9.1 lilitoka chini ya Christian Brabandt, likatunukiwa marehemu. Leseni ya programu huria, inayompa yeyote ruhusa ya kuutumia na kuubadilisha msimbo (maandishi yanayounda programu), iliruhusu kazi iendelee, lakini walioiendeleza ni wachangiaji wa siku nyingi ambao tayari waliufahamu msimbo. Python, lugha ya kuandikia programu, nayo ilivuka salama: mwanzilishi wake Guido van Rossum aling'atuka uongozini Julai 2018 bila kuteua mrithi, na mwanzoni mwa 2019 wachangiaji wakachagua baraza la watu 5.

Kinyume chake nimekiona Kirumba, hapa Mwanza, ambako kikundi kimoja cha wauza dagaa kilitengenezewa programu ya michango na kijana ambaye baadaye alihamia Dar es Salaam. Msimbo umo kwenye kompyuta yake, nywila ya seva anayo yeye, na katibu amerudia kauntabuku.

Hata hivyo, kukabidhi tu hakutoshi. Mtunzaji wa XZ, programu huria ya kubana mafaili, aliyekuwa amechoka na akisukumwa kwa barua pepe aongeze mtu, alimpa mamlaka mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund, aliposhangaa kwa nini kuingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akagundua mlango wa siri uliowekwa na Jia Tan katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Simlaumu mtunzaji yule, kwa sababu kampuni tajiri zilizoitegemea kazi yake zilimwachia mzigo wote.

Basi kikundi kikiniuliza kitumie programu ipi, husoma kwanza historia ya mabadiliko ya msimbo wake. Nikikuta jina lilelile moja mwaka mzima, huwashauri watafute nyingine, hata kama hiyo ni nzuri zaidi.