Maji ya chumvi, ghorofa ya sita na ile harusi ya Kana

Wacha niseme tu ukweli, imani yangu ilikuwa imeisha. Si eti niliketi chini nikaamua Mungu hayuko, hapana, ilipungua tu kidogo kidogo kama tokeni za stima, mpaka siku moja unashtukia uko gizani.

Kazi yangu kule Industrial Area iliisha bila notisi, renti ikalala miezi miwili, na kwa ile hofu nikasikia mhubiri mmoja akisema panda mbegu ya imani, nikapanda elfu moja ya kukopa, nikangoja. Bado nangoja. Sisemi wote wako hivyo lakini huyo alikula pesa yangu, na kanisa nikaliacha hapo, kwanza kwa hasira halafu kwa aibu, maana nilikuwa nimeanza kubeba maji na sikutaka watu wa kwaya wanione na mtungi begani.

Kama hujui Pipeline hapa Embakasi, Nairobi, ni magorofa yamebanana hadi jirani akikaanga kitunguu unapiga chafya wewe. Maji ya kanjo, yaani ya mfereji wa jiji, yanakuja siku yakitaka, mara nyingi usiku wa manane, siku zingine watu wananunua. Kuna maji tamu ya kunywa na kupika, na kuna maji ya chumvi ya kisima, hayo ni ya kufua na choo. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20 na lifti hakuna, sasa panda ghorofa ya sita mara nne kabla ya chai ndio ujue kwa nini sikuwa na wimbo mdomoni.

Ghorofa ya sita anaishi shosho mmoja ambaye magoti yalishakataa ngazi. Siku hiyo nikiweka mtungi chini akaniambia, "Mtoto wangu, pumua kidogo. Macho yangu hayaoni herufi siku hizi, nisomee Yohana mbili." Nilitaka kusema nina wateja lakini alikuwa ameshamimina chai, na chai ya shosho haikataliwi.

Harusi ya Kana nilikuwa naijua tangu Sunday School, divai iliisha, Yesu akageuza maji, amina, tuendelee. Lakini nilikuwa sijawahi kuisoma nikiwa mbeba maji. Nikafika pale kwa mabalasi sita ya mawe, yaani mitungi mikubwa, kila moja nzio mbili au tatu, nikauliza shosho nzio ni nini, hakujua. Chini ya ukurasa kulikuwa na maelezo kwamba nzio moja ni karibu lita 40. Nikaanza kupiga hesabu hapo hapo na kikombe mkononi, balasi moja lita 80 hadi 120, mara sita, hiyo ni kama mitungi 24 hadi 36! Nani alibeba hiyo yote? Na Biblia haisemi kisima kilikuwa mbali kiasi gani.

Halafu hayakuwa hata maji ya kunywa, yalikuwa ya kutawadha. Yaani kwa lugha ya ploti yetu, maji ya chumvi.

Wale watumishi hawakuambiwa ni ya nini. Waliambiwa jazeni, wakajaza hadi juu kabisa. Hapo niliona aibu kidogo kwa sababu mimi, Mungu anisamehe, mitungi ya ghorofa za juu nilikuwa naiacha pungufu vidole vinne ili isinivunje mgongo, na bei ni ile ile. Nikaendelea kusoma, mkuza meza, yule msimamizi wa karamu, anaonja, anamsifu bwana arusi, hajui divai imetoka wapi, ila katikati kuna maneno machache kwamba watumishi walioyateka yale maji walijua. Nikacheka. Nilicheka hadi shosho akauliza kama nimemaliza chai ama nimerukwa na akili. Wenye suti hawakujua kitu, waliojua ni wa mitungi!

Sijui nieleze aje, hakuna kilichobadilika siku hiyo, renti ilikuwa bado na kazi ya kampuni sijapata hadi leo. Lakini nilishuka zile ngazi nikipiga mluzi, na mtungi uliofuata nikaujaza hadi ukamwagika kwa shati. Ile mbegu ya elfu moja niliacha kuidai, nikaona nilikuwa nafanya biashara na Mungu na biashara ikafa, basi. Kuomba nilianza tena pale kwa laini ya mfereji usiku, maombi mafupi ya mtu mwenye usingizi.

Sasa kila Jumamosi namsomea shosho. Tulifika Yohana tano, yule mgonjwa wa miaka 38 kando ya birika anasema hana mtu wa kumtia majini. Shosho akanyamaza, akasema, "Huyo alikosa mtu wa kumbeba tu." Yeye mwenyewe alikuwa hajaenda kanisa zaidi ya mwaka.

Jumapili hiyo mimi na jirani tukamshika huku na huku, tukashuka ngazi kwa ngazi, karibu nusu saa. Ghorofa ya pili akasimama, akanipima na macho, akasema, "Kijana, si ulizoea maji? Basi vumilia, mimi ni kama mitungi mitatu, na mdomo juu."