Nilivyojifunza kupiga picha za jangwa Oman na kuziediti mwenyewe

Kwenye picha za jangwa mchanga si kitu, kivuli ndo kila kitu. Hilo ndo jambo kubwa nililojifunza, na yote mengine, kamera, lenzi, kuediti, yanafuata hapo. Mi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi Muscat, huku wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi kwa hiyo Alhamisi jioni nikipata usafiri naelekea Bidiyah, kilomita 200 na ushee, hapo ndo linapoanzia jangwa la Sharqiya ambalo wengi bado wanaliita Wahiba. Lina urefu wa kama kilomita 180 toka kaskazini mpaka kusini na upana wa kama 80, na vilima vyake vya mchanga vingine vinafika mita 100. Kamera yangu ni ya mtumba, na lenzi ni ile ya kawaida ya milimita 18-55 iliyokuja nayo, 18 ndo inaona eneo pana zaidi, kuediti nafanyia kwenye laptop kwa programu inaitwa darktable ambayo ni ya bure kabisa, unapakua unaanza kazi. Nayataja haya mapema maana wengi wanaahirisha kujifunza wakisubiri hela ya vifaa.

Sasa tuje kwenye mwanga. Saa sita mchana jua likiwa utosini kilima kizima kinakuwa rangi moja, picha inatoka bapa, huoni wapi kinapanda wapi kinashuka. Lakini vilima vikubwa vya Sharqiya vimelala kaskazini kwenda kusini, yani vimejipanga kama vile vilijua kuna mpiga picha anakuja, asubuhi jua linawaka ubavu wa mashariki na ule wa magharibi unabaki kivulini, jioni inakuwa kinyume chake, na pale juu pande mbili zinapokutana unapata ule mstari unaopinda mpaka mwisho wa macho. Desemba jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu hivi, nami napenda niwe nimeshakaa mahali pangu kabla halijatoka. Na kuna tofauti na kwetu, Tanga jua linapanda wima, ukichelewa kidogo tu mwanga mzuri umeondoka, huku Desemba linapanda mshazari kwa hiyo vivuli virefu vinakaa kidogo, unapata nafasi ya kuhama hata sehemu mbili tatu.

Aliyenifundisha kutembea jangwani ni mzee mmoja wa Kiomani aliyekulia Unguja, namwita ami, ndo mwenye gari la kupanda mchanga na kabla hatujaacha lami lazima ashuke apunguze upepo wa matairi. Siku moja nimeona kilima kimejaa yale mawimbi madogo madogo ya mchanga, nataka kukikatiza nipande juu, akaniita, "Kijana wangu, n'shakwambia usivuke hapo mbele, ukishakanyaga umeshapaharibu, zunguka nyuma." Nikamwambia sawa ami, nikazunguka. Tangu hapo nasimama kwanza, nachagua nitapiga wapi na wapi, alafu napanga njia yangu ipite nje ya picha zote, maana nyayo hazifutiki mpaka upepo uje, na kuzifuta kwenye kompyuta juu ya mchanga wenye mawimbi ni kazi ya kuumiza macho na bado mtu akitazama vizuri anaona palipoguswa.

Upande wa kamera yenyewe. Kamera inapopima mwanga inachukulia kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, sasa mchanga unang'aa kuliko hicho kijivu, kwa hiyo ukiiachia iamue yenyewe picha inatoka na giza. Mi naongeza mwanga kati ya theluthi mbili ya hatua na hatua moja nzima (hatua moja ni mwanga mara mbili), ISO, yani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 100, kamera juu ya stendi, na tundu la lenzi f/11, yani dogo. Fokasi kwa lenzi ikiwa 18 naweka kama mita moja na nusu mbele yangu, na kwa hesabu ya kamera ya aina yangu hapo kila kitu kuanzia sentimita 75 hivi mpaka kule upeoni kinakuwa kikali, yale mawimbi ya mchanga miguuni na kilima cha mwisho vyote vinasomeka. Alafu angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, ya rangi zote tatu, nyekundu, kijani na buluu, usiangalie ile nyeupe ya jumla peke yake! Mchanga wa pale Bidiyah una rangi ya chungwa kwa sababu ya kutu ya chuma inayofunika chembe zake, jua la asubuhi nalo jekundu, kwa hiyo rangi nyekundu inaungua, yani inajaa mpaka mwisho wa kipimo, mapema wakati histogramu nyeupe bado inakwambia mambo shwari, na nyekundu ikishaungua umbile la mchanga upande wa jua linapotea na hakuna programu itakayolirudisha.

Kuhusu vumbi sina mengi ya kusema. Sibadilishi lenzi nje hata kidogo, na nikirudi napiga anga tupu kwa f/16, tundu dogo zaidi, nione madoa ya vumbi ndani ya kamera kama yapo.

Kuediti sasa, na hapa nina msimamo. Ushauri unaoukuta kila mahali ni inua vivuli, onyesha kilichomo gizani, na kwa picha za mjini au za msituni sawa, ila kwa vilima vya mchanga ukiinua vivuli umekirudisha kilima saa sita mchana, umeua kile kitu ulichoamkia alfajiri. Mfano ninaoupenda ni picha ya mti wa ghaf, ile miti inayoota pembeni ya mchanga, mizizi yake inakwenda chini sana kutafuta maji, ulikuwa umesimama peke yake na kivuli chake kimelala kirefu juu ya mchanga. Kwanza niliweka rangi ya mwanga kwa mkono kwenye Kelvin 5300 (kipimo cha ujoto au ubaridi wa rangi ya mwanga), maana kamera ikijichagulia yenyewe inapooza rangi, mchanga unatoka kama simenti. Kivuli cha mti kilikuwa na ubuluu, na huo ubuluu ni halali yake, kule jua halifiki, kunamulikwa na anga, nikauacha vilevile. Sehemu zenye mwanga mkali nikazishusha kidogo mpaka chembe za mchanga upande wa jua zikaanza kuonekana, vivuli badala ya kuviinua nikavizamisha kidogo tu, na mti ukajitokeza wenyewe. Slaida ya kukoleza rangi sikuigusa kabisa, jangwa lina rangi yake ya kutosha na naumia nikiona mtu amelifanya liwe kama juisi ya embe wakati lenyewe ni zuri hivo lilivyo.

Haya yote yanataka faili la RAW, yani data ghafi ya kamera kabla haijageuzwa kuwa picha ya kawaida, tena kwa jangwa kuliko sehemu nyingine, kwa sababu nusu ya picha ni anga tupu inayobadilika taratibu toka njano mpaka buluu. JPEG, ile picha ya kawaida, ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384, ukiivuta JPEG kidogo tu anga inakatika mikanda mikanda na kwa kuwa hakuna wingu la kuficha kila mtu anaona.

Ninachohangaika nacho saivi ni kuchapisha. Picha inayopendeza kwenye skrini ikienda kwenye karatasi inakuwa nzito, vile vivuli nilivyovitunza vinaziba vinakuwa weusi mtupu. Kinachonisaidia ni kupunguza mwanga wa skrini mpaka karatasi nyeupe niliyoishika pembeni yake, chumba kikiwa na mwanga wa kutosha, ifanane na weupe wa skrini, alafu ndo naediti nakala ya pili kwa ajili ya karatasi tu. Hapo ndo nainua vivuli, lakini kwa kipimo, naanza na kipande kidogo cha majaribio chenye ule mstari wa kileleni na kivuli chake, nakichapisha, nakipeleka dirishani kukitazama mchana, na nikiona mawimbi ya mchanga yanasomeka mpaka ndani ya giza ndo naagiza ile kubwa ya kutundika kwa ami.