Meno kumi na mawili

Saa nane mchana. Mapazia nimefunga, simu nimeitoa sauti, na usiku nina zamu. Usingizi haupo. Kinachoniweka macho ni neno "ila".

Jumamosi nilimnunulia binti yangu Zuhura Labubu, yule mwanasesere wa manyoya mwenye meno wanayemning'iniza kwenye begi. Mnaomfahamu mnajua jina hilo limekuwa wimbo wake tangu mwezi wa tatu. Nilimkuta sokoni, kwenye meza ya chaja na soksi, pauni 8, manyoya ya pinki, masikio ya sungura. Madukani ndiyo usiseme: Mei 2025 Pop Mart, kampuni inayowauza, walisitisha kwa muda kuwauza kwenye maduka yao ya hapa Uingereza, watu walikuwa wanashikana mashati kwenye foleni. Nikaona riziki imenifuata, nikalipa.

Akafungua. Akamtazama usoni, akanyamaza kidogo, akanikumbatia.

"Asante mama. Ila usimfunge kwenye begi la shule."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Basi tu nini, Zuhura?"

"Ana meno kumi na mawili, mama. Wa kweli ana tisa."

Hakusema kwa dharau, na hapo ndipo penye shida. Alisema taratibu, kama mimi ninavyowaambia wazee ninaowatunza kazini kwamba leo siyo Jumapili. Mtoto wa miaka tisa ananihurumia! Angelia, ningejua la kufanya. Angenuna, ningemfokea yakaisha. Lakini ile "ila" aliipima kwanza, akaizungushia kumbatio ndipo akaitoa. Jana naosha vyombo nikajikuta nasema kwa sauti, "Ila usimfunge." Baba Zuhura akauliza nani asifungwe.

(Barua ya ukaazi wa kudumu imefika Jumanne, alhamdulillah, nitaandika siku nyingine.)

Kinachonichoma ni kwamba mimi ni mtoto wa soko la mitumba la Karume, Dar. Mama alikuwa ananunua belo la mitumba limefungwa, mbuzi kwenye gunia kabisa. Siku ya bahati zinatoka blauzi safi, siku nyingine makoti mazito ya baridi, na hapo ni Dar, mwezi wa kwanza. Nikiwa na umri wa Zuhura nilikuwa napapasa mshono tu nakwambia raba hii feki. Leo nimeshindwa kuhesabu meno.

Na ukiangalia, mchezo wenyewe ni ule ule wa belo. Labubu anauzwa ndani ya boksi lililozibwa, hujui utapata rangi gani, na kuna mmoja adimu kafichwa humo, kwa hiyo mtu ananunua la pili, la tano, la kumi. Aliyemchora, Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi, alimtoa kwenye vitabu vya picha mwaka 2015, na miaka ikapita bila foleni yoyote. Mwaka 2024 Lisa wa Blackpink, kundi la waimbaji la Korea Kusini, akaonekana naye kwenye mkoba, basi, dunia ikawaka. Juni 2025 huko Beijing mmoja wa kimo cha mtu akapigwa mnada kwa zaidi ya yuan milioni 1. Mama angeuliza: huyo anafua?

Feki wanaitwa Lafufu, Zuhura ndiye kaniambia. Jina kama la mtu aliyefufuka.

Basi nikamfunga kwenye begi langu la kazi. Jumatatu usiku bibi wa chumba cha mwisho akamwona. Akamshika, akampindua, akakunja uso.

"Lebo iko wapi?"

Nikamwambia nimeikata. Jamani, ungedhani nimeua. Akaninyooshea kidole kabatini: maboksi matatu ya Beanie Babies, wanasesere wadogo wa wanyama, ya tangu miaka ya 90, kila mmoja na lebo yake ya umbo la moyo imevishwa kiplastiki. Akanitolea dubu wa zambarau mwenye waridi jeupe kifuani, yule aliyetolewa kwa kumbukumbu ya Diana mwaka 1997. Hawa, akasema, ndio ada ya chuo ya wajukuu. Wajukuu nawajua, mmoja ana kipara. Kampuni ilikuwa inawastaafisha wanyama mmoja mmoja ili watu wawakimbilie, watu wakanunua kama wanaweka akiba, kisha bei zikaporomoka. Bibi hajaambiwa, au kaambiwa akakataa.

"Usikate lebo tena," akaniasa, macho makavu. Nikaapa sikati. Nikaenda kuchekea chooni, nikacheka mpaka mwenzangu akagonga mlango kuuliza kama niko salama.

Leo asubuhi narudi, Zuhura anavaa viatu. Akalisogelea begi, akahesabu meno upya, sijui alitegemea yamepungua.

"Mama, kazini hawajakucheka?"

"Wameniuliza lebo."

"Ulikata?!"

Na yeye pia! Akaondoka anatikisa kichwa.

Ningelala sasa, lakini kaka kaniandikia: "Dada, ukipata nafasi nipigie. Si haraka." Si haraka, na huko kwao ilikuwa saa kumi alfajiri. Nimepiga mara tatu. Inaita tu.